Simu Iliyovishwa Koti

Uwingabire, mama wa Cyuzuzo, hajui kutulia. Ndivyo alivyoumbwa. Mguu mmoja uko kwenye pedali ya cherehani, jicho moja liko barabarani, na mdomo unaongea na mteja aliyesimama mlangoni. Majirani zake wa Mbugangari, mtaa wa Gisenyi mpakani, wanasema hata akilala, miguu yake inashona.

Mwezi ule wa saba alikuwa na sababu zaidi ya kuhangaika. Harusi zilikuwa nyingi. Mezani palijaa vitenge, shanga na vipande vya nguo za sherehe. Pasi ya makaa ilikuwa inafuka pembeni. Na kando ya pasi, mahali pake pa kila siku, ilikaa simu.

Simu hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi yake. Wateja wa Goma, ng'ambo ya mpaka, walituma picha za mitindo kwa WhatsApp. Wateja wa Rugerero walituma vipimo. Malipo nayo yaliingia humo humo. Kwa hiyo Uwingabire aliipenda, na yeye kitu akikipenda hukishonea nguo. Aliishonea simu koti. Nje kitenge cha kijani, ndani sponji nene ya mabega ya magauni, katikati lastiki ya kiuno. Simu ilikaa humo mchana na usiku. Hata ikiwa kwenye chaji haikuvuliwa.

"Isipate baridi," alikuwa akitania. Wanawake wanne wa mtaa waliyapenda makoti hayo, naye akawauzia.

Lakini kilichokuwa kinamnyima usingizi wiki ile ni mashine. Mama mmoja wa Mahoko, jina lake Akaliza, alikuwa anaacha kazi ya ushonaji. Alikuwa anauza mashine yake ndogo ya kupiga ukingo, ile inayozuia kitambaa kisichomoke nyuzi. Uwingabire hakuwa na mashine kama hiyo. Kila gauni alilomaliza alilibeba mpaka kwa fundi mwingine karibu na soko. Huko alipanga foleni, akalipa, akarudi mfuko mtupu. Faida yake ilibaki kwa wenzake. Miaka miwili alikuwa anaweka akiba katika kikundi cha kina mama, na sasa pesa ya mashine ilikuwa imetimia. Akaliza alikubali kumngojea mpaka Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo angeiuza kwa yeyote atakayekuja.

Jumatatu simu ikazima.

Ilizima wakati mbaya kabisa. Mama Cansilde wa Rugerero alikuwa amesimama pale mlangoni. Binti yake alikuwa anakaribia kuposwa, na alikuwa ameagiza magauni sita.

"Nilikutumia picha jana," Cansilde alisema. "Ile ya shingo ya muviringo. Uliiona?"

"Niliiona, mama. Iko humu. Ngoja nikuonyeshe."

Akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi. Akaichomeka kwenye chaji. Kimya. Akaukunja waya, akauegemeza kwenye kona ya meza kama alivyozoea, ili usichomoke. Kimya vilevile.

"Mama Cyuzuzo, we unajua mi si mutu wa kelele," Cansilde alisema. Kweli sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililomtisha Uwingabire. "Lakini sherehe iko Jumamosi ingine. Kama picha na vipimo vimepotea, uniambie leo. Nitafute fundi mwingine."

"Havijapotea! Nipe siku kidogo tu."

Cansilde akaenda zake. Uwingabire akazunguka chumba mara tatu, akachukua mkasi, akauweka, akauchukua tena. Hakukuwa na kitu cha kukata.

Saa ya chakula mume wake, Dauda, alirudi. Dauda ni dereva wa pikipiki, mtu wa maneno machache na uhakika mwingi.

"Imekufa, Baba Cyuzuzo," Uwingabire alimwambia. "Na vipimo vyote viko ndani."

Dauda akaitoa simu kwenye koti. Mfuniko wa nyuma ulikuwa umeinuka upande mmoja.

"Ona, iko nafunguka yenyewe."

"Hiyo ni gundi tu imeachia. Njo maana nilitia lastiki, iibane."

"Bon. Simu ni kama pikipiki. Ikizeeka, imezeeka. Tununue ingine. Iko duka pale karibu na stendi ya basi, wanatoa simu mupya. Unalipa kidogo kidogo, kila siku."

"Na mashine?"

Dauda akashika kisu. Alimenya kiazi chake taratibu, akala.

Jumatano Uwingabire alikwenda dukani. Simu yake aliinunua miaka mitatu nyuma kwa faranga elfu tisini. Sasa mpya ya aina ile ile ilikuwa laki moja na nusu. Alidhani hakusikia vizuri.

"Bei imepanda, madamu," muuzaji alimwambia kwa upole. "Hata sisi inatuumiza. Lakini unaweza kulipa kidogo kidogo. Leo elfu kumi na tano, halafu mia saba kila siku, mwaka muzima."

"Na siku sina kazi?"

"Ukikosa kulipa, simu inajifunga. Ukilipa, inafunguka."

Uwingabire akaiona siku hiyo waziwazi: mteja mlangoni, mkasi mkononi, vipimo vyote ndani ya simu iliyojifunga. Alitoka bila kuaga. Njiani alibishana na nafsi yake hadi watu wakamgeukia. Akilipa kidogo kidogo, atakuwa na bosi mfukoni. Akilipa yote, mashine imekwenda. Akikaa bila simu, wateja wamekwenda. Kila upande palikuwa na shimo, na Jumamosi ilikuwa inakuja.

Mwishowe alipata wazo. Atauza ile simu iliyokufa kama vipuri. Pesa hiyo ataiongeza juu, ili akiba ya mashine isiguswe sana. Alijua wazi kwamba hesabu hiyo haitoshi. Lakini mtu mwenye roho juu juu hushika hata jani.

Alhamisi asubuhi akaenda kwa Mukashyaka.

Mukashyaka ni fundi wa simu. Meza yake iko barazani mwa duka moja karibu na soko la Mbugangari. Ni binti wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye taa ndogo kichwani. Alikulia Karagwe, kule Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba watu humtania wakimwita Mtanzania.

"Dada, unanunua simu mbovu?" Uwingabire aliuliza kabla hajafika mezani.

"Shikamoo, mama Cyuzuzo."

"Ee, marahaba. Unanunua?"

"Nanunua. Imekuwaje?"

"Imezeeka. Haishike moto tena, hata nikiichomeka kwa chaji. Nipe franga ya vipuri, niongeze kwa ile ya mashine, ninunue ingine."

"Mashine gani?"

Uwingabire akamwambia yote kwa pumzi moja. Mahoko, Jumamosi, Cansilde, duka, mia saba za kila siku. Mukashyaka akamsogezea kigoda.

"Kaa kwanza, mama."

"Sikai. Mi nakimbilia kazi."

"Haya, simama."

Mukashyaka akaivua simu koti lake. Akaupitisha mkono juu ya mfuniko wa nyuma bila kubonyeza. Uso wake ukabadilika.

"Mama, mara ya mwisho uliichaji lini?"

"Asubuhi hii nilijaribu tena."

"Ndani ya hili koti?"

"Ee. Isipate baridi."

"Mama Cyuzuzo, simu haiogopi baridi ya Gisenyi. Inaogopa joto. Ikiwa kwenye chaji, yenyewe inatoa joto. Sponji inalizuia lisitoke. Wewe ukivaa makoti mawili, ukapanda mlima Rubavu saa saba mchana, utafika juu ukiwa vipi?"

"Yoo! Nitakuwa nimeiva."

"Na betri imeiva. Hii si gundi iliyoachia. Betri imevimba, inausukuma mfuniko."

Akaifungua taratibu. Betri ilikuwa imetuna kama andazi. Uwingabire akainama kuitazama, akarudi nyuma.

"Betri ikifika hapa, usiichaji tena," Mukashyaka alisema. "Usiibonyeze, usiitoboe, na usiibane kwa lastiki. Inaweza kuwaka moto. Zima simu, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Huwa unaichajia wapi?"

Uwingabire akaitazama ile betri tena. Soketi ya chumba cha kulala iko karibu na godoro la Cyuzuzo, binti yake wa miaka sita. Kila usiku simu ililala pale, imevaa koti, mkono mmoja kutoka kichwa cha mtoto. Akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa.

"Niliibana mi mwenyewe," alisema. "Kwa lastiki mupya."

"Hukujua, mama. Sasa unajua."

Mukashyaka akachukua kijiti cha mbao chembamba. Akaanza kuchokoa tundu la chaji. Ukatoka uzi wa njano, halafu manyoya ya kijani, halafu kifundo kizima cha pamba iliyokandamizwa.

"Hii ni vitenge," alisema. "Kila siku nguo zinatoa manyoya, yanaingia humu. Waya hauingii mpaka mwisho, ndiyo maana unaukunja. Ukiona waya unalegea, usilazimishe. Zima simu, safisha polepole kwa kijiti cha mbao. Usitumie sindano."

"Mi natumia sindano," Uwingabire alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Naona mikwaruzo. Na kazini, simu inakaa wapi?"

"Juu ya meza ya pasi."

"Pasi ya umeme?"

"Ya makaa."

Mukashyaka akafumba macho kidogo, kama mtu anayeomba subira. Halafu akacheka, na Uwingabire naye akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

"Una laini mbili humu?"

"Moja ya hapa, ingine ya Goma."

"Ya Goma inashika vizuri nyumbani kwako?"

"Mara inashika, mara inaacha."

"Basi kutwa nzima simu inatafuta mnara wa ng'ambo, na kutafuta huko kunakula betri. Laini hiyo izime kwenye mipangilio. Iwashe saa ya wateja wako wa Goma tu. Na ile ya hapa, zima intaneti ya nje ya nchi. Sisi tunaoishi mpakani, simu inaweza kuvuka mpaka bila wewe kuvuka, na salio likaisha hujui limekwenda wapi."

"Ayiwee! Njo maana franga zinakimbia!"

"Huenda."

"Bon. Sasa, hivi ilivyo, utanunua shilingi ngapi?" Mtoto wa mji wa mpakani hutaja pesa za nchi zote.

"Sinunui."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si mbovu. Kioo kizima, moyo wake mzima. Inataka betri na usafi. Betri mpya na kazi yangu ni elfu kumi na tano. Nikiinunua leo kwa elfu kumi, kesho nitaitengeneza niiuze hamsini. Nitakuwa nimekula mashine yako. Halafu nikienda sokoni, nitapitia wapi? Mlango wako uko njiani."

Uwingabire akashusha sauti. Alikuwa amekuja kuuza mzoga, na sasa aliona haya.

"Lakini inazeeka," alisema. "Dauda anasema ni kama pikipiki."

"Hata pikipiki, mtu haiuzi kwa sababu ya plagi chafu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, mama. Sikudanganyi, siku ipo simu itakufa kweli. Ikiingia maji, au kioo na vingine vikiharibika pamoja, uliza bei ya matengenezo. Ikipita nusu ya bei ya simu nyingine nzuri, acha. Hapo unaweza kununua iliyotumika, si lazima mpya. Ila nunua dukani, si mkononi mwa mtu njiani. Bonyeza nyota, alama ya reli, sifuri, sita, reli tena. Namba itakayotokea ilingane na ya kwenye boksi na kwenye risiti. Hakuna risiti? Ondoka. Usije ukanunua simu ya wizi."

"Na ile ya mia saba?"

"Si mbaya kwa kila mtu. Ila usitazame mia saba. Tazama mwisho wake. Tuzidishe."

Wakazidisha pamoja kwenye karatasi. Jibu lilipotoka, Uwingabire akaziba mdomo. Ilikuwa laki mbili na elfu sabini na ushee. Simu moja kwa bei ya karibu mbili.

"Itengeneze," alisema, akiwa bado amekaa.

"Toa laini zako zote mbili kwanza, na kadi ya kumbukumbu. Pesa yako imo kwenye laini, usimwachie fundi. Na namba ya siri usinipe mimi, usimpe mtu."

"Na picha za Cansilde?"

"Kubadilisha betri hakufuti picha. Betri inatoka Kigali, itafika kesho jioni."

Dauda hakufurahi. Alimpa mke wake kisimu chake cha pili, kile kidogo cha vitufe, aweke laini yake, lakini maneno hayakukosekana.

"Elfu kumi na tano kwa kitu kilichokufa? Donc, ikikataa, umepoteza franga na siku mbili."

"Na ikikubali?"

"Tutaona."

Ijumaa ilikuwa ndefu. Uwingabire alishona mkono wa gauni kinyume, akaufumua, akaushona kinyume tena. Saa nne kisimu kikalia. Ilikuwa sauti ya Akaliza wa Mahoko.

"Mama Cyuzuzo, iko mutu hapa na franga mukononi. Nimemwambia nilishatoa neno. Lakini kesho saa sita ikipita, mashine inaenda."

"Nitakuja, mama! Usimupe!"

Alipokata simu, kitu kingine kikamkaa rohoni. Yale makoti manne. Aliacha cherehani vilevile, akashika mkasi, akatoka. Alikwenda mlango kwa mlango. Wa mwisho alikuwa Nyirahabimana, muuza samaki mwenye kicheko cha kusikika hadi ziwani.

"Nirudishie ile koti," Uwingabire alimwambia. "Mi nilikudanganya, haifai simu ikiwa kwenye chaji. Inapika betri. Yangu imevimba."

"Mana yangu! Mama Cyuzuzo, umenishonea jiko?"

"Nimekushonea jiko, ee. Nisamehe. Nirudishe franga yako?"

Nyirahabimana akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaona uso wa mwenzake, akaacha kucheka.

"Franga kaa nayo. Koti nitaivalisha simu kwa mukoba tu. Kwa moto, kwa chaji, ilale uchi."

Uwingabire akakata lastiki kwa mkono wake, akatoa sponji, akabakiza kitenge. Ilimuuma kuharibu kazi yake mwenyewe, lakini alirudi nyumbani akipumua vizuri zaidi.

Jioni betri haikufika. Basi lilikuwa limechelewa. Dauda alisema neno moja tu, "Unaona," na neno hilo liliudhi kuliko kelele.

Jumamosi saa tatu wote wawili walikuwa barazani kwa Mukashyaka. Saa nne betri ikaja. Mukashyaka akaipima, akaitia, akafunga mfuniko. Ukalala sawasawa, bila lastiki. Akachomeka chaji. Waya ukaingia mpaka mwisho.

Kioo kikawaka.

Uwingabire hakupiga kelele. Alifungua picha, moja baada ya nyingine. Shingo ya mviringo ilikuwepo. Vipimo vya magauni sita vilikuwepo. Hapo ndipo alipolia, bila aibu, mbele ya wauza nyanya.

"Sasa hivi tunaziwekea nakala kwenye kadi ya kumbukumbu," Mukashyaka alimwambia. "Na vipimo viandike pia kwenye daftari. Simu ni mashine, inaweza kuibiwa. Zile video za makundi, zifute. Ukizizuia zisijipakue zenyewe, utaokoa nafasi na salio."

Uwingabire akalipa kwa pesa ya matumizi, akiba haikuguswa, na Mukashyaka akampa risiti yenye dhamana ya miezi mitatu. Dauda, aliyekuja kusindikiza tu, akakohoa.

"Dada, mi simu yangu iko kwa usukani wa pikipiki. Jua nayo ni joto?"

"Ni joto, kaka."

Dauda akaenda kimya, akaitoa simu yake kwenye usukani, akaitia mfukoni. Mganga hajigangi. Uwingabire aliona kila kitu, akageuza uso asicheke.

"Twende," alisema. "Saa tano hii!"

Barabara ya Mahoko siku ya soko haina huruma. Magari ya viazi, mbuzi, watoto, baiskeli za mizigo. Uwingabire alitazama saa kila kona mpaka Dauda akamkemea atulie wasianguke. Walifika saa sita kasoro dakika saba. Mtu mwenye pesa mkononi alikuwa amekaa tayari kwenye benchi ya Akaliza, miguu juu ya miguu.

Uwingabire hakusalimia. Alifungua mkoba, akaweka akiba yake ya miaka miwili mezani.

"Mashine yangu," alisema.

Akaliza akatazama saa ya ukutani. Akamtazama yule mtu, akainua mabega. Halafu akaiwasha mashine, akapitisha kipande cha kitenge. Ukingo ukatoka safi, uzi kwa uzi.

Wakati wa kurudi, Uwingabire alikaa nyuma ya Dauda. Mashine ilikuwa imefungwa kwa shuka mapajani mwake, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeikumbatia. Wiki iliyofuata magauni ya Cansilde yangepigwa ukingo nyumbani, bila foleni na bila kumlipa mtu. Pikipiki ilianza kuteremka kuelekea mjini. Mkobani, simu ikaanza kuita. Ikaita, ikanyamaza, ikaita tena kwa nguvu.

"Mama Cyuzuzo!" Dauda alipaza sauti. "Simu yako iko nalia! Nisimame?"

Uwingabire akaikaza mashine kifuani.

"Iache ilie," alisema. "Iko na moto ya kutosha."